Mukwe Wangu Hanishiki Mguu

Tangu bibi yetu Bernardine apate kiharusi, watu wanamwongelesha kwa kelele, kana kwamba kilichopooza ni masikio. Daktari anapaza sauti. Dereva wa gari la hospitali anapaza sauti. Hata padri, Mkongo mwenzetu, alipokuja kumwombea hapa mjini New Hope, Marekani, alipaza sauti mpaka bibi akamkatiza.

"Padiri, Mungu si kiziwi na mimi si kiziwi. Unamwita nani?"

Sisi tunamwita Koko, ndivyo watu wa Bukavu wanavyomwita bibi. Na niseme mapema, hii si habari ya mgonjwa mpole. Koko alikuwa mtu wa kubeba. Ujana wake wote alibeba mizigo kule Bukavu, unga na makaa, kutoka ziwani kupandisha hadi mtaa wa Kadutu, kamba imepita kwenye paji la uso na mgongo umeinama. Paji lake mpaka leo linang'aa pale kamba ilipokaa. Alimbeba binti yake Nabintu. Akanibeba mimi, mtoto wa mwanawe aliyekufa, tukavuka mpaka Tanzania, tukaishi kambini mpaka nikasahau kwamba kuna kwingine. Huku Minnesota alipata kazi ya kufua mashuka ya hoteli karibu na uwanja wa ndege. Ukimpokea mfuko mlangoni anakuuliza, "Nimekuambia nimechoka?" Basi unaurudisha mkononi mwake, na unaomba radhi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekutwa na kiharusi kazini, amesimama mbele ya mashine ya kukaushia, shuka mkononi.

Upande wa kushoto ulizimika wote. Baadaye mkono ulirudi kidogo. Mguu nao ulirudi, lakini ulirudi nusu: paja linakubali, goti linakubali, wayo unaning'inia. Akiinua mguu, vidole vinabaki chini vinakwaruza sakafu, kama kandambili iliyochomoka kamba. Hospitali wakamtengenezea kifaa cha plastiki nyeupe. Kinaanzia nyuma ya shavu la mguu, chini kidogo ya goti, kinashuka kwenye kisigino na kupita chini ya wayo, halafu kuna mikanda ya kunata ya kufungia mbele. Kinashika kifundo cha mguu kisilegee, ili vidole viinuke mtu akipiga hatua. Nyumbani tunakiita plastiki tu. Siku ya kwanza alipofungwa plastiki, kwenye korido ya hospitali, nilimwona Koko anatembea. Polepole, na mkongojo wake wa miguu minne, uso umekunjwa kama anayedai haki yake, lakini anatembea.

Tatizo lilikuwa nyumbani, na tatizo halikuwa mguu.

Nabintu anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, kutwa anaogesha bibi za watu wengine. Mume wake Thaddée anafanya usiku kwenye ghala, mchana yuko nyumbani analala. Mimi nipo shule, wananifundisha Kiingereza na vitu ambavyo wenzangu walivijua wakiwa wadogo. Kwa hiyo mchana Koko anabaki na mkwe wake, na mtoto wao Bonheur, mwenye miaka minne.

Sasa, kwetu mama na mkwe wake hawagusani. Si ugomvi, ni heshima, na yenyewe ni kubwa kuliko salamu. Thaddée hawezi kutoka chumbani bila kukohoa kwanza. Hawezi kukaa kwenye kitanda cha Koko. Hata kuongea wanaongea kupitia mtoto.

"Bonheur, muulize baba yako kama amekula."

"Bonheur, mwambie Koko nimeshiba, aksanti."

Wote wawili wako sebule moja, wanasikilizana vizuri kabisa. Bonheur anaangalia katuni zake, hamwambii mtu kitu, na ujumbe umefika.

Basi nani atampeleka Koko msalani mchana? Nani atapiga magoti amfunge plastiki, ashike shavu la mguu, ashike goti? Koko alitafuta dawa yake mwenyewe: akaacha kunywa chai asubuhi. Akaacha maji. Alikaa na midomo mikavu mpaka mimi nirudi na basi la shule, na nikifungua mlango ananifokea kama mimi ndiye niliyeiweka shule mbali. Nilijua hasira ile haikuwa yangu. Nilimshika mkono tukaenda.

Halafu akaja Lois.

Lois ni mtaalamu wa kufundisha watu kutembea, alitumwa na kliniki aje nyumbani. Mama mwembamba, anatabasamu kabla hujamfanyia kitu. Siku hiyo shule zilifungwa kwa sababu ya baridi, ndiyo maana niliona yote. Aliweka tableti juu ya meza, na ndani ya tableti akatokea mkalimani, dada Mkenya, Wambura, ana vifaa vya kusikilizia kichwani. Lois akamsimamisha Koko, Koko akapiga hatua kidogo, Lois akapiga makofi.

"Gudi jobu! Gudi jobu, Bernardine!"

"Anapiga makofi ya nini?" Koko akauliza. "Nimefunga goli?"

Wambura akatafsiri. Lois akacheka, akapiga makofi tena. Mimi nilitamani kuitupa ile mikono dirishani. Bonheur peke yake ndiye anayepigiwa makofi nyumbani kwetu, akikojoa kwenye poti.

Lois akauliza nani anakaa na Koko mchana. Thaddée, ambaye alikuwa ameamshwa, akainua mkono. Lois akafurahi sana. Mwanamume mwenye nguvu! Akamfunga Koko mkanda wa kitambaa kiunoni, akaonyesha: unasimama nyuma hapa, mkono mmoja kwenye mkanda, mwingine kwenye nyonga. Kisha akapiga magoti, akapandisha gauni la Koko juu ya goti, mbele yetu wote, akaonyesha jinsi ya kuingiza kisigino kwenye plastiki. Akageuka kwa Thaddée. Njoo, jaribu wewe.

Thaddée alikuwa amefika ukutani, macho kwenye zulia, mikono mgongoni kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Anasema usiogope," Wambura akasema. "Hutamuumiza."

"Siogopi," Thaddée akajibu. "Lakini huyu ni mama."

Wambura akatafsiri. Lois akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ni mama yako, ndiyo maana umshike! Akampokonya mkono wake huko mgongoni, akaanza kuuvuta kuelekea kwenye goti la Koko.

Hapo Koko akapiga mkongojo chini.

"Non! Mukwe wangu hanishiki mguu!"

Kila Mswahili anajua sentensi hiyo maana yake nini. Ni kama kusema mtoto hampigi mzazi. Maana yake haifai, ni mwiko, usithubutu. Lakini Wambura aliiweka kwenye Kiingereza jinsi ilivyo, neno kwa neno, na ikawa kitu kingine. Kiingereza changu ni kidogo, lakini hilo nililielewa: mkwe wangu huwa hanishiki mguu. Kama mtu anayeshtaki. Kama mgonjwa anayelia kwamba mchana kutwa yupo mwanamume ndani ya nyumba na hamsaidii.

Tabasamu la Lois likafunga duka. Akamuuliza Thaddée kitu kwa sauti ya chini, ile ya polisi anapokuwa mpole.

"Anauliza," Wambura akasema, "kwa nini humsaidii?"

Thaddée akazidi kulitazama zulia. Angejibu nini? Aanze kueleza habari za mapaja ya mama mkwe, mama mkwe mwenyewe ameketi pale? Aibu ilimfunga mdomo, na kule kwao Lois mtu akifunga mdomo amekiri. Mimi hakuna aliyeniuliza. Lois alikusanya vitu vyake, akavaa mabuti yake mlangoni, akaondoka bila makofi.

Nabintu alirudi jioni na ugomvi mkononi. Hata koti hakuvua.

"Thaddée! Umekataa kumshika mama yangu?"

"Nimekataa?"

"Lois amenipigia kazini! Mbele ya bosi wangu! Anasema mama amelalamika kwamba humgusi. Anasema nyumba hii si salama, mchana mama hana mtu. Atarudi kumpima, na kama hawezi kufika msalani akarudi bila hatari, watapendekeza apelekwe nyumba ya wazee."

Hakuna aliyetuambia kwamba familia inaweza kukataa. Sisi tulijua kitu kimoja: huku, mtu mwenye kadi shingoni akisema jambo, ndivyo linavyokuwa.

"Nyumba ya wazee!" Nabintu akaendelea, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Unajua ni nini? Mimi najua! Mimi ndiye ninayekimbia ukumbi mzima peke yangu, huku mzee wa watu amelowa ananisubiri tangu asubuhi. Halafu mama yangu amsubiri mtu kama mimi?"

"Nabintu," Thaddée akasema, "ningemshikaje? Wewe ungekuja ukakuta nimemshika, ungesemaje?"

Nabintu akaanza kuvua koti.

"Bonheur!" Koko akaita kutoka kwenye kiti chake. Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi. Haikuwa kitu, aliendelea. "Mwambie mama yako, baba yako hajakataa. Mimi ndiye nilisema. Nilisema mukwe wangu hanishiki mguu. Nilikosea wapi? Kile kisichana ndani ya kioo kinajua Kiswahili au kimekariri?"

Ndipo tukaelewa wote kilichotokea. Nabintu alipiga simu kliniki pale pale, na kesho yake tena. Bonyeza moja. Bonyeza nne. Muziki. Acha ujumbe. Aliacha ujumbe, akaeleza kwa Kiingereza chake cha kazini habari ya ukwe na heshima, pumzi ikamwishia kabla ya mashine. Hakuna aliyepiga.

"Acha simu," Koko akasema. "Nitakwenda msalani mwenyewe. Huyo Lois akiwa amesimama pale, na makofi yake."

Ila kusema ni rahisi. Plastiki ile ilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili, au mwenye mtu. Koko alijaribu akiwa peke yake mchana, na alifanya kosa ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: aliifunga juu ya soksi, akasimama bila kiatu. Nani anavaa kiatu ndani ya nyumba? Plastiki tupu kwenye sakafu ya jikoni ni barafu. Alifika kwenye friji, mguu ukateleza, akakaa chini kwa kishindo.

Habari hii nilisimuliwa mara mbili. Thaddée anasema alitoka chumbani mbio hata kukohoa akasahau, akamkuta Koko sakafuni, na Koko akamwelekezea mkongojo kama bunduki.

"Usinishike!"

"Sikushiki, mama! Umeumia?"

"Usiniangalie!"

Thaddée akageuka akautazama ukuta. Akasukuma kiti kinyumenyume mpaka karibu na Koko, akakishikilia kwa nguvu huku amempa mgongo. Koko akashika kiti, akapanda goti moja, akahema, akatukana kwa Kishi, lugha ya kwao, akapanda, mpaka akakaa. Muda wote huo mwanamume yule alikuwa anasoma kalenda ya kanisa iliyobandikwa ukutani.

Koko anasimulia kwa ufupi. "Nilikaa chini kidogo. Nikainuka."

Nabintu alipoona nyonga imevilia damu alipiga kelele. "Mama! Nilikuambia plastiki haivaliwi bila kiatu! Hospitali walisema!"

"Kiatu ndani ya nyumba? Mimi ni ng'ombe?"

"Ndiyo kinachozuia kuteleza! Na viatu vyako plastiki haiingii, inataka kiatu kipana. Jaribu hivi vya Thaddée."

Koko alivitazama vile viatu kana kwamba vimeoza. "Viatu vya mukwe. Bado suruali."

Tukaenda duka la mitumba, tukamtafutia raba za kiume, pana, nyeusi. Nabintu alisugua soli kwa sabuni, akamwapia kwamba hazitakanyaga nje kamwe. Koko akazigeuza, akazinusa.

"Bon. Basi hivi si viatu. Ni miguu."

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa mahali pa vita. Plastiki inaingia kwanza ndani ya raba, ndipo mguu unafuata. Koko anakaa kwenye kiti kigumu, raba ameikinga ukutani isikimbie, anainua mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia, anaushusha ndani. Vidole vinakunjamana. Anautoa. Anaushusha tena. Kisigino kinagoma kukaa. Raba inaruka chini ya meza, Bonheur anaifuata akicheka, anapata tusi lake, anacheka zaidi. Kisigino kikikaa, anavuta mkanda kwa mkono mzima, anauminya kwa kiganja. Jioni Nabintu anamvua na kuangalia ngozi, kwa sababu plastiki ikisugua kifundo kinaweza kuchubuka na mgonjwa asisikie. Palipokuwa pekundu alimvalisha soksi ndefu nene. Na Koko anapotembea hivyo, raba na plastiki, vidole havikwaruzi tena. Mguu unakwenda, unatua na kisigino, unasimama. Bado anachechemea. Lakini mguu wake sasa unafika anapoutuma.

Nilifikiri akiweza hasira itapungua. Iliongezeka. Nilimwelewa. Alikuwa anajifundisha kitu kigumu kuliko gunia lolote, na sababu yake ilikuwa kwamba watu walimsikia vibaya.

Lois alirudi siku ya theluji nyepesi. Nabintu aliomba ruhusa ya saa chache kazini. Mimi Koko alinikataza shule. "Leo hauendi. Nataka wasikie watu wengi." Thaddée alibaki chumbani, mlango umefungwa. Tableti juu ya meza, Wambura yule yule.

Lois akaleta mkanda wa kitambaa. Koko akausukuma kwa mkongojo. Akakaa, akakinga raba ukutani, akainua mguu, akaushusha. Kisigino kilikataa. Lois akasogea, mikono mbele. Nabintu akamzuia kwa kiganja kimoja, kimya. Koko akautoa, akaushusha tena, ukaingia. Mkanda. Mkanda wa pili. Akasimama.

Alipita kochi, akapita meza, akapita mlango wa chumba cha Thaddée, na hapo kwenye kona ya zulia alisimama muda, nikaona Lois anakaza midomo. Koko akainua mguu ule wa plastiki juu kuliko ilivyohitajika, akauvusha ukingo wa zulia, akauweka. Akafika msalani. Akaingia. Akafunga mlango. Tukasikia komeo.

Lois akaruka. Akasema haraka haraka.

"Mama," Wambura akaita kutoka kwenye tableti, "anasema usifunge kwa komeo, ni hatari."

"Mwambie nakojoa!"

Wambura akatafsiri. Nabintu alicheka kicheko kibaya, kilichokuwa kimekaa ndani tangu zamani, na palepale akaanza kumweleza Lois yote: ukwe, heshima, mguu, neno moja lilivyogeuka. Lois alisikiliza huku anaangalia mlango. Maji yakasikika. Bomba likasikika. Koko akatoka mwenyewe, akarudi njia ile ile, akafika kwenye kiti, akakaa. Halafu akaigeukia tableti.

"Wewe binti. Kwenu mukwe anamshika mama mapaja?"

Wambura akagusa vifaa vyake kichwani. "Hapana, mama," akasema polepole. "Hata kwetu hapana."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua, mama. Lakini sisi haturuhusiwi kuongeza neno letu. Nasema ulichosema."

"Na mimi nikaitwa mtu asiyeshikwa na mtu. Nikakaribia kupelekwa kuzeekea kwa wageni. Kwa neno ambalo wewe ulilijua."

"Nisamehe, mama."

Koko akageuzia uso ukutani. Lois akauliza wanasema nini, na safari hii Wambura alimweleza kwa urefu, na uso wa Lois ukawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema anasikitika. Akasema hakujua.

"Hakuuliza," Koko akasema.

Lois akavuta kiti akaketi, mara ya kwanza tangu aanze kuja. Akasema hapeleki mtu popote. Koko anatembea, Koko anabaki nyumbani. Ataomba mhudumu mwanamke aje mchana kwa ajili ya kuoga, na komeo la msalani litabadilishwa, wataweka linalofunguka kutoka nje mtu akianguka. Nabintu aliegemea ukuta, akafuta macho kwa mkono wa sare yake. Kule chumbani kitanda kililia, mtu alikuwa ameketi kwa uzito wake wote.

Lois akamwangalia Koko, akauliza jambo moja zaidi.

"Anauliza kama sasa umefurahi," Wambura akasema.

Koko alikuwa anafungua mikanda, mkono wa kulia, mmoja, wa pili. Kifundo kilikuwa chekundu.

"Mwambie nitafurahi kesho. Leo bado nina hasira naye. Na wewe pia nina hasira nawe. Tafsiri."

Wambura akatafsiri yote.